Migahawa ya kishua, ya kati na ya kaunta: hela yako inaenda wapi hasa?

Niseme mapema, mi si mtu wa kuponda migahawa ya kishua. Nakula kokote, kuanzia zile sehemu za kukalia stuli na kuondoka na harufu ya kikaango kwenye shati, mpaka zile ambazo weita anakuvutia kiti na ukienda chooni unakuta kitambaa chako kimekunjwa upya. Ila nimechoka kusoma rivyu zinazoishia "chakula kitamu, mandhari nzuri, huduma nzuri, nitarudi". Hiyo inamsaidia nani? Mtu anataka kujua akijilipua pale anapata nini ambacho hakipati kwingine. Kwa hiyo hii ni rivyu ya huduma nzima ya kula nje, ngazi kwa ngazi, na msimamo wangu nauweka mezani sasa hivi: mgahawa wa chini unakuuzia chakula, wa juu kabisa unakuuzia muda na umakini wa watu, na wa katikati, ule wenye balbu za kuning'inia na ukuta wa majani ya plastiki, mara nyingi unakuuzia picha.

Tuanze na za chini, zile za kaunta, ambazo sina maneno mengi nazo. Menyu fupi, imeandikwa ubaoni, mpishi unamwona, chakula kinatoka motoni kinakuja kwako bila kupita mikono mingi. Hapo ndo siri yote. Chakula kingi kinaharibika njiani, si kwenye sufuria, na sehemu ambayo kati ya kikaango na mdomo wako kuna hatua chache imeshashinda vita ambavyo mgahawa mkubwa unaajiri watu kibao kupigana. Afu mtu anayepika vitu vichache kila siku mwaka mzima mkono wake hauna kubahatisha, anajua lini mafuta yamefika bila kutumbukiza kipimo chochote.

Na wala si maneno yangu ya kujifariji kwa sababu ya mfuko. Mwaka 2016 vibanda viwili vya Singapore, vile vya kupanga foleni na kujibebea sinia mwenyewe, vilipewa nyota ya Michelin, kile kitabu cha Kifaransa kinachopima migahawa. Watu wengi walishangaa kwa sababu wanadhani nyota ni ya mazulia na vishikio vya dhahabu. Hapana. Kile kitabu kilianza mwaka 1900 na ndugu wawili wa Kifaransa wauza matairi, walikuwa wanakigawa bure kwa wenye magari ili watembee zaidi matairi yaishe haraka (akili ya biashara hiyo), nyota zikaja 1926, na ngazi za nyota mbili na tatu zikaongezwa 1931. Na wenyewe wanasema nyota inaangalia kilichopo kwenye sahani tu: ubora wa malighafi, ufundi wa kupika, ladha zinavyokubaliana, mkono wa shefu mwenyewe, na kama kesho utapata kitu kile kile ulichopata leo. Viti, maua na sare za weita havimo kwenye nyota. Hicho cha mwisho, kesho kuwa kama leo, mi ndo nakiona kigumu kuliko vyote, na sehemu ndogo za kaunta huwa zinakifaulu kuliko majirani zao wenye viyoyozi.

Ubaya wa hizi sehemu unajulikana. Huwezi kukaa ukaongea mambo yako, kuna mtu amesimama nyuma yako anahesabu vijiko vyako. Ukiwa na aleji usitegemee jibu la uhakika, mafuta ni yale yale yaliyokaangia kila kitu. Na kama unatoka na mtu ambaye ndo kwanza mnajuana, kelele ya vyombo itakula nusu ya maongezi. Mi ningezipa 8 kati ya 10 kwa chakula na 4 kwa mengine yote, na hazijawahi kunidanganya kuhusu hayo mengine.

Sasa tuje kwenye ugomvi wangu, migahawa ya kati. Hii ndo imejaa kila mji sa hivi na ndo watu wengi wanamaanisha wakisema twende sehemu nzuri. Mlangoni kuna sehemu ya kupigia picha. Ndani kuna mwanga hafifu kiasi kwamba unasoma menyu kwa tochi ya simu, na menyu yenyewe ni kitabu: supu, tambi, piza, nyama choma, samaki, baga, vyakula vya bara zima la Asia, afu ukurasa mwingine wa kifungua kinywa cha siku nzima. Hapo mi naingiwa na wasiwasi kabla sijaketi sawasawa. Jiko lenye watu wanne haliwezi kuwa na vitu sitini vibichi. Hesabu haikubali. Maana yake ni kwamba vingi viko kwenye friza, sosi ziko kwenye mifuko, na kinachoitwa kupika ni kupasha na kupamba. Si dhambi kupasha, ila basi bei iwe ya kupasha.

Niwape mfano mmoja ambao umenikaa. Mgahawa wa aina hiyo, siutaji, mzuri kwa macho, umejaa watu waliopendeza. Nikaagiza samaki na sosi ya siagi. Ilipofika, sahani ilikuwa ya moto kuliko samaki, sahani huwezi kuishika, samaki vuguvugu. Nikaiangalia ile sosi: juu imefanya ngozi, kale kautando kama ka maziwa yaliyopoa, ukigusa kwa uma kanajikunja chote kwa pamoja. Pembeni siagi imeshajitenga, mafuta kivyake na maji kivyake. Yani ile sahani ilikuwa imekaa kwenye dirisha la jikoni chini ya zile taa za kupasha joto, inasubiri oda za wenzangu ziive au inasubiri weita amalize kumpiga mtu picha ya keki ya bethidei. Mpishi alikuwa amefanya kazi yake, samaki alikuwa ameiva vizuri mwanzoni, unaona kabisa. Kilichouawa ni zile dakika za dirishani. Na juu ya hiyo ngozi ya sosi, mtu amepanga vijani vitatu vidogo kwa kibano. Vijani vilikuwa freshi kabisa.

Hicho ndo nakiita kuuza picha, hela imewekwa kwenye vijani na ikakosekana kwa mtu wa kusimama pale dirishani kupiga kelele "meza ya nane inatoka sasa hivi". Jiko kubwa lina mtu wa kazi hiyo tu. Jiko la kati mara nyingi halina, au ndo shefu mwenyewe huku anageuza nyama.

Halafu kelele. Fasheni ya sasa ni sakafu ya zege, ukuta wa matofali, dari wazi mabomba yanaonekana, meza tupu bila kitambaa. Vinapendeza, sikatai, ila hakuna kitu hata kimoja humo kinachonyonya sauti. Kila kicheko kinapiga ukuta kinarudi, watu wanapandisha sauti, muziki unapandishwa uwafunike watu, watu wanapandisha tena. Na hili si suala la maongezi tu. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Cornell mwaka 2015 waliwawekea watu kelele kama za ndani ya ndege wakaonja vitu, na utamu wa sukari ulipungua mdomoni huku ile ladha nzito ya umami, kama ya nyanya na nyama, ikizidi. Kwa hiyo ukiona dizeti yako haina ladha na spika iko juu ya kichwa chako, usimlaumu mpishi peke yake.

Kuna ujanja mwingine wa haya maeneo ambao mi unanifurahisha hata nikijua nachezewa. Uzito wa vyombo. Charles Spence, mtafiti wa Chuo Kikuu cha Oxford, na wenzake walijaribu, mwaka huo huo wa 2015, kwenye mgahawa wa hoteli moja Edinburgh: chakula kimoja, wateja wengine wakapewa visu na uma vizito, wengine vyepesi vya kawaida. Wa vizito wakasema chakula kimepangwa kisanii zaidi, wamekipenda zaidi, na wako tayari kukilipia zaidi. Chakula ni kile kile! Tangu nisome hiyo, nikikaa tu naupima uma mkononi. Ukiwa mzito sana na mkate umekuja baridi, najua hela ya mwenye mgahawa iliendea wapi.

Weita wa ngazi hii mi nawaonea huruma kuliko kuwalaumu. Wamefundishwa sentensi, hawajafundishwa kuangalia. Ndo maana anakuja kukuuliza "kila kitu kiko sawa?" ukiwa umejaza mdomo, unaitikia kwa nyusi. Ndo maana anaondoa sahani ya aliyemaliza wakati mwenzake bado anakula, kitu ambacho kinamfanya huyo anayekula ajione anachelewesha watu na kuanza kumeza haraka. Kwenye mgahawa wa juu sahani zinaondoka pamoja au haziondoki. Hakuna gharama yoyote kufanya hivyo, ni kuelekezwa tu.

Na maji. "Ya kawaida au ya gesi?" Hilo swali limetungwa kwa akili sana, maana majibu yote mawili ni chupa ya kulipia. Bado sijasema sevisi chaji iliyojificha chini ya bili kwa herufi za sisimizi, halafu mashine ya kadi inakuuliza tena utoe tipu asilimia ngapi huku mtu amekusimamia. Soma bili kwanza. Kama huduma imeshakatwa humo, hudaiwi tipu ya pili, na hamna haja ya kuona aibu.

Suala la tipu lenyewe ni gumu kuliko linavyoonekana. Danny Meyer, yule mwenye migahawa maarufu New York, aliamua 2015 kufuta tipu kwenye migahawa yake, akapandisha bei ili wa jikoni na wa mezani wote walipwe vizuri zaidi. Wengi wakasifia. Mwaka 2020 akarudisha tipu. Yani hata mtu mwenye jina na nia njema alishindwa kuubadilisha huo mfumo kutoka ndani, sasa mimi na wewe na bili yetu moja hatutaubadilisha kwa kununa.

Si zote za kati ni mbovu, nisieleweke vibaya. Zipo ambazo menyu ni ukurasa mmoja, inabadilika kila baada ya muda, mwenye mgahawa yupo anazunguka, na weita ukimuuliza hiki kikoje anakujibu kama mtu aliyekila. Hizo mi naziweka juu ya kila kitu, hata juu ya za nyota, kwa sababu unakula vizuri, unaongea, unacheka kwa sauti yako ya kawaida na unarudi tena kabla mwaka haujaisha. Shida ni kuzipata katikati ya hizo nyingine, kwa kuwa mlangoni zote zinafanana, hadi fonti ya menyu. Ngazi nzima kwa ujumla naipa 5. Zile chache zenye ukurasa mmoja, 9.

Haya, za juu sasa. Watu wa kwanza kuzicheka ni ambao hawajaingia: sahani kubwa kama usukani, chakula kiasi cha kisoda, utatoka na njaa utafute mkate barabarani. Kwa kweli hiyo ya njaa ni hadithi. Menyu ya kuonja ya vyakula kumi na kitu, na mkate na siagi katikati, inakuacha umeshiba mpaka unakereka. Tatizo langu nazo ni kinyume chake, kufika sahani ya tisa ulimi umechoka, haushangai tena, na bado anakuja kijana mpole kukusomea historia ya karoti. Nusu ya hizo hotuba ningelipa zisisemwe.

Ila umakini, jamani. Hapo ndo naelewa bei. Mi natumia mkono wa kushoto. Kwenye mgahawa mmoja wa ngazi hiyo chakula cha kwanza kilikuja vyombo vimepangwa kawaida, nikavibadilisha mwenyewe kimya kimya bila hata kufikiria. Chakula cha pili kilipokuja, vyombo vyangu tayari vilikuwa vimepangwa kinyume, kisu kushoto, na glasi imesogezwa upande wa pili. Hakuna aliyesema neno, wala sikumwona aliyebadilisha. Mpaka mwisho wa usiku ikawa hivyo hivyo. Hiyo ina maana kuna mtu aliona, akamwambia mwenzake, na mwenzake akakumbuka, katikati ya meza zote zile. Ule usiku chakula kilikuwa kizuri tu cha kawaida yao, lakini mi hicho kisu ndo nilichokisimulia.

Huo utaratibu haukuanguka kutoka mbinguni. Zamani karamu za Ulaya vyakula vingi viliwekwa mezani kwa mkupuo, vinapoa huku watu wanatazamana. Karne ya 19 ndo ikashika ile staili waliyoiita ya Kirusi, sahani moja baada ya nyingine, kila moja ikifika kwa wakati wake. Sasa ukitaka hivyo unahitaji jiko linalokwenda kwa saa, na hapo ndo mpishi wa Kifaransa Auguste Escoffier alipojipatia jina, akiwa hoteli ya Savoy ya London na baadaye kwenye hoteli za Ritz: akaligawa jiko kama jeshi, huyu sosi, huyu samaki, huyu za kuoka, sahani moja inapita mikono kadhaa na kutoka kwa dakika badala ya mpishi mmoja kuhangaika nayo mwanzo mwisho. Mpaka leo majiko makubwa yanaenda hivyo, na "ndiyo shefu" unayoisikia jikoni imetoka kwenye nidhamu hiyo hiyo.

Na watu ndo gharama. Kwenye biashara ya mgahawa kanuni ya kawaida ni kwamba malighafi za kwenye sahani zinakula kama asilimia 30 ya bei, nyingine ni mishahara, pango, moto, vyombo vinavyovunjika, na faida inayobaki ni nyembamba kuliko wateja wanavyodhani. Ukienda juu, idadi ya wafanyakazi inakaribia ya wateja. Ndo maana hata walio kileleni wanayumba. Noma ya Copenhagen, nyota tatu, imewahi kuwa namba moja duniani mara kadhaa, kwa miaka ilitumia wanafunzi wa kujitolea wasiolipwa, ikaanza kuwalipa 2022, na Januari 2023 shefu wake René Redzepi akatangaza kwamba wataacha kuendesha mgahawa wa kawaida kwa sababu ule mtindo hauendesheki. Kwa hiyo ukiona bili imekutoa jasho, jua kuna uwezekano mwenye mgahawa naye anatoka jasho lake. Haipunguzi bili, najua.

Mvinyo ndo sehemu ya kupigwa kirahisi. Chupa huuzwa kama mara tatu ya bei ya jumla, na glasi moja mara nyingi inakaribia bei waliyonunulia chupa nzima. Ile seti ya glasi inayoendana na kila sahani inaweza kufika bei ya chakula chenyewe. Kama unakunywa, dawa ni rahisi: mwite mtaalamu wa mvinyo, weka kidole kwenye bei unayoiweza kwenye orodha, sema "nataka kitu kama hiki". Anaelewa, na mgeni wako hajasikia namba. Wazuri wanaifurahia hiyo, wengine hata wanakushusha chini ya pale ulipogusa. Akikupandisha bila kuulizwa, ushamjua.

Mambo mengine haraka haraka. Mchana mara nyingi jiko ni lile lile, shefu yule yule, na menyu fupi yenye bei ya kibinadamu. Ukitaka kujaribu za juu bila kuuza simu nenda mchana. Aleji iseme unapoweka nafasi, si sahani ya kwanza ikiwa mezani, kwa sababu jiko la aina hiyo lilishaandaa tangu asubuhi. Dipoziti usiikasirikie sana, meza moja tupu usiku mmoja kwenye sehemu yenye meza kumi ni hasara ya kweli, ila soma masharti ya kughairi kabla hujaweka namba ya kadi. Na kama unaenda na watu wa kula kwa simu, kaa mbali nao, chakula cha moto hakisubiri mwanga upatikane. Za juu nazipa 8, ningetoa 9 wakipunguza hotuba.

Nimalizie na dizeti, kwa sababu huko ndo migahawa ya kati inajisahau kabisa. Keki nyingi unazoziona kwenye kabati la kioo hazikuokwa pale, zimekuja na gari, na si lazima ziwe mbaya, ila zina ile baridi ya katikati, pembeni laini na ndani barafu. Kabla ya kuagiza muulize weita ipi imetengenezwa hapa. Akisema "ngoja nikaulize jikoni", akaenda kweli akarudi na jina la moja, agiza hiyo hiyo hata kama ulikuwa unataka nyingine. Akikwambia "zote tamu dada", omba bili.